Kila Gemu ya Mji Ni Hoja Juu ya Mji

Mwaka 1990 gazeti la Providence Journal, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, liliwaita wagombea umeya wa mji wa Providence wakae mbele ya kompyuta na kucheza SimCity, gemu iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kila mmoja alipewa mji wa kubuni auendeshe, na gazeti likaandika yaliyotokea. Mgombea mmoja ambaye mji wake haukumwendea vizuri alishindwa katika kura za mchujo kwa tofauti ndogo, na akaona habari ile ilimgharimu.

Kisa hicho kimekuwa kikisimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake mna swali zito. Gazeti lilichukulia kwamba mtu akishindwa kuendesha mji wa kwenye kioo, kuna jambo limejulikana juu ya uwezo wake wa kuendesha mji wenyewe. Je, gemu inajua nini kuhusu mji? Nani aliiambia? Na elimu hiyo inaporudi mitaani, kwenye ofisi za mipango miji na kwenye michoro ya wasanifu majengo, inatufanyia nini?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kila gemu inayojenga mji inatoa hoja juu ya mji. Mtu amekaa akaamua nini kihesabiwe na nini kiachwe, nani aonekane na nani afichwe, na jicho la mchezaji likae wapi. Mbunifu wa mji wa kweli naye hufanya maamuzi hayo hayo. Ndiyo maana fani hizi mbili zimekuwa zikiazimana fikra kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndiyo maana sisi tunaoishi katika miji inayokua kwa kasi kuliko karibu yote duniani hatuwezi kuliachia jambo hili watoto wa vibanda vya gemu peke yao.

Jicho la meya

Will Wright, muasisi wa SimCity, alianza na gemu ya vita. Mwaka 1984 alitoa Raid on Bungeling Bay, ambamo rubani wa helikopta hushambulia visiwa. Katika kuvichora visiwa hivyo aligundua kwamba kujenga barabara na viwanda kulimfurahisha kuliko kuvilipua. Akaanza kusoma vitabu vya miji, na miongoni mwa vilivyomwongoza ni Urban Dynamics cha Jay Forrester, kilichotoka mwaka 1969.

Forrester hakuwa mpangaji miji. Alikuwa mhandisi wa chuo cha MIT, mmoja wa waasisi wa kumbukumbu za kompyuta, na kitabu chake kilizaliwa kutokana na mazungumzo na John Collins, aliyekuwa meya wa Boston hadi mwaka 1968. Aligeuza mji kuwa milinganyo: makundi ya wakazi, aina za nyumba, viwanda, kodi, yote yakisukumana ndani ya mashine kwa miaka 250. Mashine ikampa majibu ya kushtua. Ilisema kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kunaudhuru mji, na kwamba heri kupunguza makazi ya hali ya chini na kupanua nafasi za biashara. Wakosoaji walimjibu kwamba mashine ilikuwa inarudisha tu dhana alizoiwekea mwenyewe.

Wright hakuinakili milinganyo hiyo jinsi ilivyo, lakini alirithi mtazamo wake. Katika SimCity mchezaji anautazama mji kutoka juu, anapaka ardhi kanda za aina tatu (makazi, biashara, viwanda), anaweka umeme, barabara na polisi, anapanga kodi, kisha anasubiri watu waje. Kodi ikipanda, watu wananung'unika na kuhama. Uhalifu unatokana na msongamano na thamani ya ardhi, na kituo cha polisi kinaushusha. Hakuna ubaguzi, hakuna mgogoro wa ardhi, hakuna mtu mwenye jina. Mkazi ni nambari inayopanda na kushuka.

Hata katika matoleo ya baadaye, yaliyokuwa na wakazi wanaoonekana wakitembea, kuficha kuliendelea. Stone Librande, aliyeongoza ubunifu wa SimCity ya mwaka 2013, ameeleza kwamba timu yake ilipopima maegesho ya magari ya maduka halisi ya Marekani ilistaajabu jinsi yalivyo makubwa. Kama wangeyaweka kwa ukubwa wake wa kweli, miji yao ingejaa maegesho na isingependeza. Wakaamua kujifanya kwamba magari mengi yameegeshwa chini ya ardhi. Fikiria maana yake: kijana wa Marekani anayejifunza mji kwa gemu hiyo anaona magari na barabara, ila haoni eneo linalomezwa na magari yanaposimama. Gharama kubwa ya mji wa magari imefutwa kwa sababu ilikuwa inaharibu sura.

Mwanafunzi wa usanifu majengo kutoka Ufilipino, Vincent Ocasla, aliamua kuifikisha hoja ya SimCity mwisho wake. Kwa miaka kadhaa alipiga hesabu, na mwaka 2010 akaonyesha Magnasanti, mji wa SimCity 3000 wenye wakazi milioni sita, idadi ambayo kwa hesabu zake haikuwa rahisi kuizidi. Mji huo hauna barabara za magari. Umepangwa kwa miraba inayojirudia, polisi wako kila kona, hewa ni chafu, na wakazi wanakufa mapema. Kwa kipimo cha gemu ni ushindi usio na mfano. Ocasla alieleza wazi kwamba aliujenga kama onyo. Kipimo kikiwa kibovu, anayekifuata kwa bidii ndiye anayefika pabaya zaidi.

Rangi tatu juu ya ramani

Msomaji wa Dar es Salaam ana sababu ya pekee ya kuzitazama kwa makini zile kanda tatu za SimCity. Mji wake ulipangwa kwa kanda kabla kompyuta haijazaliwa. Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi mwaka 1891 iliyogawa maeneo kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaendeleza mgawanyo wa kanda tatu: nyumba za kiwango cha Kizungu upande wa mashariki, majengo ya biashara na makazi katikati, na nyumba za Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Mnazi Mmoja paliachwa wazi kama mpaka. Sheria ilitaja viwango vya majengo, lakini matokeo yake watu waliyaita kwa majina ya wazi kabisa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Kugawa mji kwa rangi kulikusudia kutenganisha watu, na kulidai kwamba kila shughuli ina mahali pake pa pekee. Nyumba ya Kiswahili ya mjini inaikataa dhana hiyo kuanzia msingi hadi bati. Ina korido katikati na vyumba pande mbili. Mwenye nyumba hukaa katika chumba kimoja au viwili, vilivyobaki hupangishwa. Uani kuna jiko na choo, watu wanapika, wanafua, wanasukana nywele. Mbele kuna baraza, na chumba cha mbele kikishavunjwa ukuta kinakuwa fremu ya duka, saluni au wakala wa pesa za simu. Nje ya fremu kuna mama lishe na genge la nyanya. Je, hapo ni makazi, biashara au kiwanda? Ukweli ni kwamba ni vyote kwa pamoja, ndani ya kiwanja kimoja, na saa za siku ndizo zinazogawana nafasi.

SimCity ya mwaka 1989 haina namna ya kuijenga nyumba hiyo. Cities: Skylines, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya Colossal Order ya Finland na kutoka mwaka 2015, iliipita SimCity kwa umaarufu na kwa umahiri wa kuiga foleni za magari, lakini nayo ilitoka na kanda zilizotenganishwa. Ilibidi kusubiri toleo la pili, mwaka 2023, ndipo majengo yenye maduka chini na makazi juu yakawa sehemu ya kawaida ya gemu hiyo. Hata hapo, aliyepanga chumba kimoja na kulipa kwa mwezi hayumo, na mmachinga anayetandaza bidhaa pembeni ya kituo cha daladala hayumo pia.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani, si mchezo tu? Ubaya ni kwamba mchezo unafundisha. Mwaka 2019 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari ndefu kuhusu wapangaji miji wa Marekani waliosema kwamba SimCity ndiyo iliyowavuta kwenye kazi yao. Hilo ni jambo la heri, kwa kuwa gemu imewafanya maelfu ya watoto wajue kwamba bomba la maji na njia ya basi ni maamuzi ya watu. Lakini mtoto huyo amejifunza pia kwamba mpangaji hukaa juu, peke yake, akiwa na ardhi tupu mbele yake na uwezo wa kubomoa mtaa mzima kwa kubofya, bila notisi, bila fidia, bila mtu wa kumuuliza. Dar es Salaam na Nairobi zimeona ubomoaji wa kutosha kujua kwamba jicho hilo la juu halikai kwenye kompyuta tu.

Jicho la mtembeaji

Kuna familia nyingine ya gemu ambazo humshusha mchezaji barabarani. Hapa usanifu majengo una kazi tofauti: kumwongoza mtu bila kumwambia neno. Mwaka 1960 Kevin Lynch alitoa kitabu The Image of the City, kilichotokana na utafiti katika Boston, Jersey City na Los Angeles. Alitaka kujua watu wanaubebaje mji kichwani. Akapata vitu vitano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Wabunifu wa gemu wamekitumia kitabu hicho kama mwongozo wa kazi, maana mchezaji aliyepotea huzima mashine. Mnara mrefu huwekwa mbali ili kumvuta, mwanga hudondoshwa juu ya mlango sahihi, na barabara hupindishwa ili mandhari ifunguke ghafla. Konstantinos Dimopoulos, mpangaji miji aliyeingia katika utengenezaji wa gemu, ameandika kitabu kizima, Virtual Cities cha mwaka 2020, akiichambua miji ya kwenye gemu kama mtu anayeandika juu ya miji halisi. Viktor Antonov, mzaliwa wa Sofia, aliusanifu mji wa City 17 katika Half-Life 2 ya mwaka 2004 kwa kuchukua nyumba za Ulaya Mashariki na kuzichoma kwa chuma cha mtawala mgeni. Mchezaji anasoma historia ya mji huo ukutani kabla hajasikia mtu akizungumza.

Vifaa pia vina sauti. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kama mita 2.5 hadi 3. Kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba, na usanifu mzima ukazaliwa kutokana na mipaka hiyo. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo boriti ya wabunifu wa gemu. Ukungu mzito wa Silent Hill, mwaka 1999, ulificha umbali ambao PlayStation haikuweza kuuchora, na ukawa ndio roho ya mji ule wa kutisha. Lifti za taratibu katika Mass Effect ya mwaka 2007 zilikuwa zinampa mtambo nafasi ya kupakia chumba kinachofuata. Msanifu hodari, awe wa mawe au wa kompyuta, huchukua kikwazo akakifanya tabia ya jengo.

Hata hivyo, mji wa mtembeaji nao una uongo wake. Los Santos ya Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013 kwa mfano wa Los Angeles, ni miongoni mwa miji iliyotembelewa na vijana wengi zaidi duniani, wakiwemo wa vibanda vya gemu vya Mbagala na Kayole. Lakini milango yake mingi haifunguki. Nyuma ya kuta hizo hakuna vyumba wala uani, na mtaa upo ili upitwe kwa kasi. Ni mji wa nje tupu, na katika tamaduni ambazo heshima ya nyumba iko ndani, kwenye zidaka za ukutani na uani kwa wanawake, hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Gemu moja ya kutembea imetupa elimu ambayo mpangaji miji hawezi kuipuuza. Sea Hero Quest, iliyotolewa mwaka 2016 kusaidia utafiti wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ilimpa mchezaji mashua na kumtaka akumbuke njia. Mwaka 2022 watafiti walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya wachezaji 397,162 kutoka nchi 38. Waliokulia nje ya miji walitafuta njia vizuri zaidi kwa ujumla. Waliokulia katika miji ya mitaa iliyonyooka kama Chicago walikuwa hafifu kuliko waliokulia katika miji ya mitaa iliyopindapinda kama Prague, ila waliokulia kwenye mitaa iliyonyooka walifanya vizuri mahali ambapo ramani ya gemu nayo ilikuwa imenyooka. Yaani mtaa wa utotoni huacha alama akilini hadi uzeeni. Kwa zaidi ya karne moja maofisa wamekuwa wakiitazama mitaa isiyonyooka kama fujo ya kunyooshwa. Utafiti huo hauhalalishi vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita, lakini unatulazimisha tukubali kwamba mpindo wa njia una faida yake kwa ubongo wa mtoto.

Mji uliohifadhiwa, mji uliobuniwa

Kanisa la Notre-Dame mjini Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, uvumi ulienea kwamba litajengwa upya kwa msaada wa Assassin's Creed Unity, gemu ya Ubisoft ya mwaka 2014 inayotokea wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Msanii Caroline Miousse alitumia takriban miaka miwili kulichora kanisa hilo. Ubisoft ilichangia euro 500,000 na kuitoa gemu bure kwa wiki moja. Lakini kanisa la kwenye gemu lilikuwa limebadilishwa makusudi. Mnara mwembamba uliomo ndani yake ni ule wa Viollet-le-Duc, uliokamilika mwaka 1859, miaka sabini baada ya kuanza kwa Mapinduzi hayo; uliwekwa kwa sababu watu wa leo wangeshangaa kutouona. Vipimo vya kweli vilikuwepo kwingine: profesa wa Marekani Andrew Tallon alikuwa amelipima kanisa hilo kwa mionzi ya leza mwaka 2010 na kukusanya nukta zaidi ya bilioni moja.

Tofauti hiyo ni muhimu. Gemu ilihifadhi jinsi watu wanavyolikumbuka jengo, leza ikahifadhi jengo lenyewe. Vyote vina thamani, lakini anayevichanganya atajenga upya kumbukumbu akidhani anajenga historia.

Kosa la aina nyingine lilitokea Agosti 2020, Microsoft ilipotoa Flight Simulator mpya iliyojenga dunia nzima kwa picha za angani na akili bandia. Wachezaji waliokuwa wakiruka juu ya kitongoji kimoja cha Melbourne, Australia, walikuta mnara wa ghorofa 212 umesimama katikati ya nyumba za kawaida. Mtu alikuwa amekosea tarakimu akiingiza habari za jengo katika ramani huria ya OpenStreetMap, akaandika 212 badala ya 2. Kosa likasahihishwa ramanini, lakini gemu ilikuwa imekwisha kulinyonya na kulijenga.

Ramani hiyo hiyo ndiyo iliyojazwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015. Walitembea mtaa kwa mtaa pamoja na wakazi wakiweka nyumba, mitaro na maeneo yanayofurika, kwa sababu mvua za Bonde la Msimbazi zilikuwa zinaua watu ambao nyumba zao hazikuwa kwenye ramani yoyote. Mwaka 2016 Zanzibar nayo ilianza kupiga picha visiwa vyake kwa droni. Kazi hizi hazikufanywa kwa ajili ya gemu. Lakini miji ya kompyuta ya kesho itajengwa kwa data za namna hii, na mtaa usiopimwa utabuniwa na mashine kwa kukisia.

Sisi ndani ya gemu za wengine

Kukisia huko tayari tunakujua. Mwaka 2009 Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5, inayotokea Kijuju, mji wa kubuni unaosemwa kuwa Afrika Magharibi. Wakazi wake, waliogeuzwa viumbe wa kuuawa na kuitwa Majini, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mabati, vumbi na mizoga vimepangwa kwa ustadi mkubwa wa kisanii, lakini hakuna mji hapo. Kuna pwani ya mashariki iliyohamishiwa magharibi, lugha iliyotenganishwa na watu wake, na mtaa wa mabati uliofanywa alama ya hatari. Huenda wengi walitembea Kijuju kabla ya kuona picha hata moja ya mtaa halisi wa Kiafrika wenye mabati, ambamo watoto wanakwenda shule na watu wanalipana kodi za vyumba.

Upande wa pili kuna Civilization VI. Nyongeza yake ya mwaka 2018 iliiweka Kilwa Kisiwani miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji anaweza kuyajenga. Sharti achague ardhi tambarare kando ya pwani, na akimaliza anazawadiwa wajumbe wa kuwatuma kwenye madola-miji mengine. Aliyebuni kanuni hiyo alikuwa amesoma. Nguvu ya Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, ilitokana na mahusiano: dhahabu ya Sofala, bidhaa za Bahari ya Hindi, na hadhi iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe katika Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa yenye bwawa la pembe nane. Hapa gemu imegeuza historia kuwa kanuni, na kanuni inasema kweli. Ila katika gemu hiyo Warusi au Waazteki wanaweza kuijenga Kilwa kwa zamu chache, na Kilwa ikawa pambo la dola lolote. Jengo limeheshimiwa, waliolijenga hawaonekani.

Ndiyo maana majaribio ya nyumbani yana uzito, hata yakiwa madogo. Mwaka 2015 Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, gemu ya mapigano iliyowekwa katika mji wa Nairobi. Haikuwa na bajeti ya makampuni makubwa, na msingi wake ulikuwa ni ule ule wa kupiga risasi. Lakini kijana wa Nairobi aliuona mji wake ukitetewa badala ya kufyekwa, na hilo peke yake lilibadilisha upande wa jicho.

Gemu ofisini mwa msanifu

Uhusiano huu umeingia hata kwenye vyombo vya kazi. Injini za gemu, hasa Unreal na Unity, sasa zinatumika katika ofisi za usanifu majengo. Mwaka 2019 Epic Games, wenye Unreal, waliinunua Twinmotion, programu inayogeuza michoro ya msanifu kuwa jengo ambalo mteja anaweza kulitembelea kabla jiwe halijawekwa. Faida ni kubwa. Mtu asiyeweza kusoma ramani ya jengo anaweza kusema kwamba dirisha hili linatazama chooni kwa jirani, na kosa likarekebishwa kabla ya kulipiwa.

Lakini picha nzuri ina ulevi wake. Ndani ya injini jua halichomi, mvua haifurishi, na miti imekomaa siku ya ufunguzi. Mwaka 2014 mtaalamu wa mipango miji wa Cape Town, Vanessa Watson, alichapisha makala juu ya michoro ya miji mipya ya Afrika: Kigamboni ya Dar es Salaam, Konza na Tatu City za Kenya, Cité du Fleuve ya Kinshasa, Kigali na mingineyo. Aliuliza kama ndoto hizo si jinamizi kwa walio wengi. Kigamboni tunaifahamu. Mpango wa mji mpya ulitangazwa mwaka 2008, wakazi wakazuiwa kuendeleza viwanja vyao kwa miaka, huku picha za maghorofa ya vioo zikizunguka. Vioo vile havikujengwa kama vilivyochorwa, lakini miaka ambayo watu walikatazwa hata kuongeza chumba iliwapita kweli. Mchoro wa kompyuta uliishika ardhi yao mateka.

Mikono ya wakazi

Matumaini makubwa zaidi yamepatikana katika gemu ya matofali, na yalianzia mbali na Afrika. Minecraft, ya kampuni ya Mojang ya Sweden, haina meya wala risasi za lazima. Ina matofali ya umbo la mchemraba yenye upande wa mita moja, na kila mtu anaweza kuyapanga. Nchini Sweden, mradi uitwao Mina kvarter uliitumia kuwashirikisha wakazi katika kufikiria upya mitaa ya maghorofa ya miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 2012 UN-Habitat, yenye makao makuu Nairobi, iliungana na Mojang kuanzisha mradi wa Block by Block, na uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera, ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza pa majaribio.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Wataalamu hujenga kwanza nakala ya mahali palivyo. Kisha wakazi hukusanywa katika warsha ya siku chache, wakae wawili watatu kwa kompyuta moja, wajenge wanavyotaka, waonyeshane na kujadiliana, wakubaliane vipaumbele. Kwa kuwa tofali moja ni mita moja, mama wa sokoni anaweza kusema njia hii iwe matofali matatu, na msanifu akaelewa papo hapo. Vijana wanaojua gemu huwafundisha wazee, na wazee wanawaambia vijana maji hupita wapi wakati wa masika. Les Cayes, Haiti, wavuvi walikaa kwenye kompyuta kuipanga pwani yao. Hanoi, wasichana waliitumia kuonyesha mahali wanapoogopa kupita na taa zinapohitajika. Mpangaji wa kiume mwenye gari asingeliona giza hilo kwenye ramani.

Hata hapa tusijidanganye. Matofali hayaonyeshi nani anamiliki ardhi, nani atalipia taa zikiungua, wala mwenyekiti wa mtaa anashirikiana na nani. Warsha ya siku nne haifuti miaka arobaini ya kutosikilizwa, na mradi unaweza kuishia kwenye picha nzuri kama zile za vioo. Kilichobadilika ni kimoja, nacho ni kikubwa: anayeshika kipanya ndiye anayeishi pale.

Kuandika kanuni zetu

Tukiziweka gemu hizi zote pamoja, tofauti kati ya inayofaa na inayodhuru haiko kwenye ubora wa picha. Iko kwenye maswali mawili: nani anacheza, na je, kanuni zinaweza kusomwa na kubishaniwa? SimCity ilikuwa hatari ilipokuwa kisanduku kilichofungwa, kikifundisha mtazamo wa Forrester juu ya mji bila kusema. Lakini mwaka 2008 kanuni za SimCity ya kwanza zilitolewa huria kwa jina la Micropolis, ili ziwafikie watoto kupitia mradi wa kompyuta ndogo za shule. Tangu hapo mtu yeyote anaweza kufungua ndani, akaona kodi imeunganishwaje na hasira za wakazi, akabadilisha.

Hilo ndilo jambo la kufanya kwetu, na halihitaji kusubiri kampuni ya ng'ambo. Wanafunzi wa mipango miji wa Ardhi na Nairobi wapewe gemu hizo kama wanavyopewa vitabu: wazicheze, wazifungue, waandike zinaficha nini. Wanafunzi wa kompyuta wakae nao meza moja waandike mji wenye nyumba ya vyumba sita na fremu mbele, wenye kodi ya chumba, bodaboda, wamachinga, mafuriko ya Msimbazi, na mgogoro wa kiwanja kisicho na hati. Katika mji huo, anayetaka kubomoa alazimike kwanza kuwahesabu waliomo ndani, wapangaji wakiwemo, na aone nambari ya fidia ikishuka kutoka kwenye bajeti yake. Halmashauri inayotangaza mpango kabambe iuweke katika umbo ambalo mkazi anaweza kulitembelea na kulibadilisha, na mabadiliko yake yaingie kwenye kumbukumbu rasmi za kikao.

Miji yetu itaendelea kuchorwa kwenye kompyuta, tupende tusipende. Wanaoishi Tandale, Mathare na Goma wana haki ya kuzisoma kanuni za michoro hiyo, kuzikosoa, na kuandika zao kabla tingatinga halijawashwa.